Kusema "athari sawa" kwa Kiingereza: mwongozo kamili wa maandishi ya sheria na ya tabianchi

Neno "sawa" la Kiswahili ni mchapakazi. Hubeba usawa wa hesabu, wa thamani, wa hadhi na wa matokeo, na msikilizaji hutambua kwa muktadha ni upi unaozungumzwa. Kiingereza cha sheria na cha tabianchi hakimwachii msomaji kazi hiyo. Kina neno la usawa unaopimwa, jingine la usawa unaoamriwa, na jingine la usawa ambao hakimu ataupima kesi ikifika mbele yake. Ukiweka "equal to" palipohitaji "equivalent to", au "deemed" palipohitaji "presumed", sentensi itasomeka vizuri tu, lakini mzigo wa kuthibitisha utakuwa umehamia kwa mtu mwingine, au tani zitakuwa zimebadilika. Mwongozo huu ni wa mfasiri, mwandishi wa ripoti, mwanasheria na mwanafunzi anayelazimika kuandika au kusoma sentensi za namna hiyo.

Hatua ya 1: Jibu maswali manne kabla ya kuchagua neno

Usawa wa athari hausimami peke yake. Kabla ya kuandika, jua: nini kinalinganishwa na nini, kwa kigezo gani, kwa kusudi au kwa muda gani, na nani mwenye kauli ya kusema kwamba vimelingana. Swali la nne ndilo linalosahaulika zaidi, na ndilo linaloamua neno.

Chukua sentensi "Methane is equivalent to 28 CO2." Ina vitu viwili na namba, lakini haina kigezo (ni uzito, au idadi ya molekuli?), haina muda, na haisemi namba 28 imetoka wapi. Iliyokamilika ni hii (IPCC ni jopo la Umoja wa Mataifa la mabadiliko ya tabianchi): "Over 100 years, one tonne of methane is equivalent to 28 tonnes of carbon dioxide, using the global warming potential in the IPCC Fifth Assessment Report." Ni ndefu, lakini hakuna neno la kupunguza humo.

Ukishajibu, utaona kwamba usawa wako uko katika moja ya makundi manne. Upo unaotokana na fomula, kama huo wa methani. Upo unaohitaji hukumu: mtu lazima aangalie mambo yalivyotokea kisha aseme kama yanafikia kiwango. Upo unaoamriwa na sheria, ukweli uwe vyovyote vile. Na upo usawa wa kazi: kitu kipya kinapokelewa mahali pa cha zamani kwa kuwa kinafanya kazi ileile. Hatua zinazofuata zinachukua makundi hayo moja moja, na hazina urefu sawa kwa sababu hatari zake si sawa.

Hatua ya 2: Usawa unaohukumiwa

Mfano mama ni Mkataba wa Roma wa 1957, uliokataza vizuizi vya kiasi vya bidhaa kati ya nchi wanachama pamoja na "all measures having equivalent effect". Leo maneno hayo yako katika ibara ya 34 ya Mkataba wa Utendaji wa Umoja wa Ulaya, na ibara ya 30 ina ndugu yake kuhusu ushuru: "charges having equivalent effect". Muundo wake ni wa kukariri: kwanza jambo linalokatazwa kwa jina lake, kisha "and all measures having equivalent effect". Sehemu ya pili inaziba mlango wa nyuma. Nchi ikiacha kuweka kikomo cha idadi, kisha ikaanzisha masharti ya vyeti ambayo mwagizaji hawezi kuyatimiza, bado imekamatwa, maana kinachopimwa ni tokeo na wala si jina la hatua.

Angalia sarufi. Hakuna "an" mbele ya "equivalent effect", na "effect" iko katika umoja hata kama hatua ni mia. Uingereza na Ireland zilijiunga mwaka 1973, miaka mingi baada ya mkataba kusainiwa, kwa hiyo maneno haya ya Kiingereza yenyewe ni tafsiri, na nyuma yake unasikika muundo wa Kifaransa "d'effet équivalent". Ukiandika kwa uhuru zaidi, sema "measures having an effect equivalent to quantitative restrictions". Ndivyo Mahakama ya Ulaya ilivyoandika katika kesi ya Dassonville ya 1974, ikieleza kwamba kanuni ya biashara inahesabika humo ikiwa inaweza kuzuia biashara kati ya nchi wanachama moja kwa moja au kwa kupitia njia nyingine, kwa hakika au kwa uwezekano. Usibadilishe "equivalent" kuwa "similar". "Similar" ni kufanana, na kufanana hakufikii kulingana. Wakili wa upande wa pili atalishika neno hilo.

Katika mikataba ya kulinda uwekezaji, jambo lilelile husemwa kwa namna tatu. Mkataba wa NAFTA, wa biashara huria kati ya Marekani, Kanada na Meksiko, katika ibara ya 1110 ulikataza kutaifisha au kutwaa mali, au kuchukua "a measure tantamount to nationalization or expropriation". Mkataba wa Nishati wa 1994, ibara ya 13, unasema "having effect equivalent to". Mikataba ya mfano ya Marekani inasema "through measures equivalent to expropriation". Wawekezaji walijaribu kudai kwamba "tantamount" inavuta wavu mpana zaidi. Waamuzi wa kesi ya Pope & Talbot dhidi ya Kanada mwaka 2000 walikataa: "tantamount" haizidi "equivalent", na kitu kilicho sawa na kingine hakiwezi kuwa kikubwa kuliko hicho kingine. Kwa hiyo ukifasiri, usimwongezee msomaji maana kwa kutafuta neno la Kiswahili lenye kishindo zaidi. "Hatua yenye athari sawa na utwaaji" inatosha kwa zote tatu.

Tofauti iliyopo kati ya maneno hayo ni ya matumizi. "Tantamount" hufuatwa na "to" na hukaa baada ya nomino au kitenzi. Hakuna "a tantamount measure". Tena hutumika kwa mambo mabaya: "tantamount to fraud" ni kawaida, "tantamount to kindness" inashangaza. "Amount to" ni kitenzi cha hakimu anayefikia uamuzi: "The delay amounts to a refusal." Kwa Kiswahili, "ucheleweshaji huo ni sawa na kukataa" inafaa, na "unafikia kuwa kukataa" inafaa zaidi pale ambapo kiwango kilikuwa ndicho kinachobishaniwa.

Hatua ya 3: Usawa unaoamriwa, yaani "deemed", "treated as" na "as if"

Hapa ndipo makosa yanapogharimu zaidi, kwa hiyo nenda polepole.

"Shall be deemed" haisemi kwamba jambo ni kweli. Inasema: liwe kweli lisiwe kweli, sheria itakwenda kana kwamba ni kweli. Chukua kifungu hiki cha mkataba:

"A notice sent by post shall be deemed to have been received on the third business day after posting."

Barua ikipotea njiani, kwa maneno haya bado imepokelewa. Mpokeaji hawezi kuleta ushahidi kwamba hakuiona. Sasa linganisha:

"A notice sent by post shall be presumed, unless the contrary is proved, to have been received on the third business day after posting."

Hapa mlango uko wazi: mpokeaji anaweza kuthibitisha kwamba barua haikufika. Kiswahili kinachozoeleka, "itachukuliwa kuwa imepokelewa", hakisemi ni ipi kati ya hizo mbili. Kwa hiyo mfasiri lazima aongeze kitu. Kwa "deemed" andika "itahesabika kuwa imepokelewa, hata kama haikupokelewa", au weka wazi kwamba ushahidi kinyume haukubaliwi. Kwa "presumed" andika "itachukuliwa kuwa imepokelewa, isipothibitishwa vinginevyo". Usipofanya hivyo, matoleo mawili ya mkataba mmoja yatatoa majibu mawili. Nawe unayesoma "deemed" katika sheria usikimbilie kuhitimisha kwamba ushahidi umefungiwa nje. Soma kifungu chote kwanza, maana baadhi ya sheria huweka "deemed" kisha zikaongeza "unless the contrary is shown", na maneno hayo ya mwisho ndiyo yanayotawala.

Uandishi wa kisasa wa sheria nchini Uingereza unapendelea "is to be treated as" badala ya "shall be deemed to be". Maana ni ileile, na lugha ni nyepesi. Pamoja nayo kuna "has effect as if", inayotumika sheria inapotaka kifungu cha zamani kisomwe kwa maneno mapya: "Section 4 has effect as if for 'month' there were substituted 'year'." Zingatia "were": baada ya "as if", Kiingereza rasmi hutumia hali ya kudhania. "As if it was" inasikika sana katika mazungumzo, lakini katika hati inaonekana kama uzembe. Jambo likiwa limepita, ni "as if it had been": "as if the licence had never been granted".

Kila usawa wa kuamriwa uwekewe ukuta. Ukuta huo ni "for the purposes of": "For the purposes of this Part, a partnership is to be treated as a company." Bila maneno hayo, ubia huo unaweza kudaiwa kuwa kampuni hata katika kodi, katika ajira na kwingineko ambako mwandishi hakuwahi kufikiria. Kosa la pili ni kutumia "deem" kwa jambo ambalo ni kweli tayari. Ukitaka kueleza maana ya neno, tumia "means". "Vehicle shall be deemed to mean a car" inachanganya fasili na amri. Kosa la tatu ni kurundika: kuchukulia A kuwa B, kisha kuchukulia B kuwa C. Msomaji hajui kama A nayo imekuwa C. Sema wazi mara moja.

Ndugu wa karibu wa kundi hili ni "mutatis mutandis", maneno ya Kilatini ambayo Kiingereza cha mikataba hakijayaacha. Mkataba wa Paris wa 2015, ibara ya 24, unaazima ibara ya 14 ya mkataba mama, yaani Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Mabadiliko ya Tabianchi, kuhusu kutatua migogoro na kusema itatumika "mutatis mutandis". Maana yake: isomwe ilivyo, ila badilisha yale tu yanayolazimika kubadilika, kama jina la mkataba na la chombo. Kiingereza chepesi chake ni "with the necessary changes". Kiswahili: "pamoja na marekebisho yanayohitajika". Haitoi ruhusa ya kubadilisha kiini.

Hatua ya 4: Usawa wa kazi na usawa wa hadhi

Sheria ya saini za kielektroniki inafundisha jambo hili vizuri kuliko nyingine. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 910/2014, ibara ya 25, ina sentensi mbili zinazofanana kwa mbali. Ya kwanza inasema saini ya kielektroniki haitanyimwa nguvu ya kisheria kwa sababu tu ni ya kielektroniki: "shall not be denied legal effect ... solely on the grounds that it is in an electronic form". Ya pili inasema saini ya daraja la juu kabisa, "qualified", "shall have the equivalent legal effect of a handwritten signature". Ya kwanza haitoi usawa. Inaondoa sababu moja ya kukataa, na hakimu anaweza kuikataa saini kwa sababu nyingine. Ya pili inatoa usawa kamili. Sheria ya mfano ya UNCITRAL, tume ya Umoja wa Mataifa ya sheria za biashara ya kimataifa, ya 1996 kuhusu biashara ya kielektroniki nayo ilitumia umbo hili la kukanusha. Ukifasiri, usiruhusu "haitanyimwa" igeuke "itakuwa na".

Hapo "legal effect" iitwe "nguvu ya kisheria". Neno "athari" katika matumizi ya kila siku limeegemea upande wa madhara, na "saini itakuwa na athari ya kisheria" inaweza kusomwa kama onyo.

Kwa hati zenye hadhi moja, tumia "shall have the same force and effect as". Kwa mkataba wenye lugha mbili, neno ni "equally authentic": matoleo yote mawili ni asili, wala si moja asili na jingine tafsiri. Kwa zabuni, maneno mawili yanatosha: "or equivalent". Mkataba wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu manunuzi ya serikali unataka yawekwe kila mara jina la chapa au la mtengenezaji linapotajwa kwa sababu hakuna njia nyingine ya kueleza mahitaji. Yakisahaulika, zabuni inaonekana imeandikiwa mtu mmoja.

Kisha kuna viwango vya usawa. "Essentially equivalent" ilipata uzito mwaka 2015, Mahakama ya Ulaya ilipoamua katika kesi ya Schrems kwamba nchi ya nje ikipokea data binafsi, ulinzi wake lazima ulingane kwa kiini na wa Umoja wa Ulaya, ingawa njia za kuufikia zinaweza kuwa tofauti. "At least equivalent to" ni sakafu: kuzidi kunaruhusiwa. "No less favourable than" pia ni sakafu, na ina mwelekeo mmoja. Anayepewa zaidi hana malalamiko chini yake. Kuzifasiri zote "sawa na" ni kupoteza mwelekeo huo. Tumia "usiopungua".

Mitego midogo ya neno "effect"

Ipite haraka, lakini ikariri. "With effect from 1 July" ni tarehe ya kuanza tu, "kuanzia tarehe 1 Julai". "To the same effect" ni "kwa maana hiyohiyo", hutumika kwa maneno na barua. "To that effect" ni "yenye maana hiyo". "Give effect to" ni kutekeleza. "In effect" ina nyuso mbili: "The ban is in effect" ni marufuku inatumika sasa, "The fee is, in effect, a tax" ni kwamba kwa uhalisia ada hiyo ni kodi. Mikato miwili ya koma ndiyo inayokuonyesha uso wa pili.

Hatua ya 5: Usawa unaopimwa katika tabianchi

Gesijoto haziongezi joto kwa kiasi kimoja wala hazikai hewani muda mmoja. Ili zijumlishwe, kila gesi huzidishwa kwa uwezo wake wa kuongeza joto ukilinganishwa na wa kaboni dioksaidi, yaani GWP. Tokeo huitwa "carbon dioxide equivalent", kwa ufupi CO2 eq, CO2-eq au CO2e. Chagua umbo moja na ubaki nalo hadi ukurasa wa mwisho.

Tatizo ni kwamba GWP hubadilika sayansi inapoboreshwa. Kwa upeo wa miaka 100, methani ilikuwa 21 katika ripoti ya pili ya tathmini ya IPCC, 25 katika ya nne, 28 katika ya tano. Ya sita inatoa 27.0 kwa methani isiyo ya visukuku na 29.8 kwa ya visukuku, yaani itokanayo na makaa ya mawe, mafuta na gesi ya ardhini. Nitrasi oksaidi ni 310, 298, 265, na 273 kwa mpangilio huohuo. Nchi zinazoripoti chini ya Mkataba wa Paris zilikubaliana Katowice, Poland, mwaka 2018 kutumia namba za miaka 100 za ripoti ya tano, mpaka mkutano wao ukubali nyingine.

Fanya hesabu kwa mpangilio huu. Tuseme kiwanda kimetoa tani 3,000 za kaboni dioksaidi, tani 40 za methani na tani 2 za nitrasi oksaidi. Kwa ripoti ya tano: methani 40 × 28 ni 1,120, nitrasi oksaidi 2 × 265 ni 530, jumla 4,650. Kwa ripoti ya nne, gesi zilezile zinatoa 1,000 na 596, jumla 4,596. Ukichukua ripoti ya tano kwa upeo wa miaka 20, ambako methani ni 84 na nitrasi oksaidi 264, jumla inaruka hadi 6,888. Hakuna hata kilo moja iliyoongezeka hewani. Ndiyo maana sentensi isiyotaja ripoti na upeo haiwezi kukaguliwa na mtu yeyote:

"The plant emitted 4,650 tonnes of CO2 equivalent, calculated using 100-year global warming potentials from the IPCC Fifth Assessment Report."

Sasa sarufi yake. Baada ya "tonnes of", neno hubaki "CO2 equivalent", halichukui "s". Likitangulia nomino, weka kistari: "CO2-equivalent emissions". "Expressed in CO2 equivalents", kwa wingi, ipo katika baadhi ya mikataba na si kosa, lakini usichanganye na umbo la kwanza katika hati moja.

Neno lenye uzito kuliko yote katika fasili ni dogo: "would". Kwa kawaida husemwa "the amount of CO2 that would cause the same integrated radiative forcing over a given time horizon". Kiswahili kina -nge- kwa kazi hiyo: "kiasi cha CO2 ambacho kingesababisha". Ukiandika "kinachosababisha", umegeuza ulinganisho kuwa tukio, na msomaji atadhani kuna CO2 ya kweli iliyotoka. IPCC yenyewe imeonya kwamba usawa huu hauna maana ya kwamba tabianchi itaitika kwa namna moja. Methani hupasha joto kwa nguvu kisha huisha ndani ya miongo michache, kaboni dioksaidi hukaa mno. Kwa hiyo "has the same warming effect as" ni kauli kubwa kuliko hesabu yako. Sema "is equivalent, on a GWP100 basis, to". Ripoti ya tano ilitoa pia kipimo kinachoangalia joto la mwaka wa 100 peke yake, GTP, na humo methani ina 4 tu badala ya 28. Vipimo vyote viwili ni halali, kila kimoja kinajibu swali lake.

Usichanganye pia utoaji na mkusanyiko hewani. "CO2-equivalent concentration" hupimwa kwa ppm, yaani sehemu kwa milioni, na haina uhusiano na GWP. Hupatikana kwa nguvu ya ziada inayozuiliwa angani, wati kwa mita ya mraba, kupitia fomula iliyozoeleka F = 5.35 × ln(C/278), ambapo F ni nguvu hiyo, C ni mkusanyiko, na 278 ni ppm za kabla ya enzi ya viwanda. Nguvu ikiwa wati 3, C ni takriban ppm 487. Kuona neno "equivalent" kisha kuzidisha ppm kwa 28 ni kosa la mwanzo linalobatilisha ukurasa mzima.

Makosa mawili ya vipimo hujirudia. La kwanza ni "carbon" na "carbon dioxide". Tani moja ya kaboni ni tani 3.67 za kaboni dioksaidi, kwa uwiano wa 44 kwa 12. GtC na GtCO2, yaani tani bilioni za kaboni na za kaboni dioksaidi, hutofautiana zaidi ya mara tatu, na vichwa vya habari huziandika zote "carbon". La pili ni tani yenyewe. "Tonne" ni kilo 1,000. "Ton" ya Marekani ni takriban kilo 907. Waandishi wa Marekani huandika "metric ton" wakimaanisha "tonne". Mt (tani milioni) na Tg (teragramu) ni kitu kimoja.

Kwa msomaji wa kawaida, waandishi hupenda kulinganisha na magari. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, limetumia takriban tani 4.6 za kaboni dioksaidi kwa gari la abiria kwa mwaka. Andika "equivalent to the annual emissions of about 1,000 passenger vehicles", na usiache "annual". Bila hilo, magari elfu moja yanatoa gesi kwa siku, kwa mwaka, au kwa maisha yao yote?

Hatua ya 6: Pale sheria inapoazima hesabu

Makutano haya ndiyo yanayohitaji uangalifu wa pande zote mbili, maana namba ya sayansi inageuka wajibu wa mtu. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 517/2014 kuhusu gesi zenye florini, ambayo mwaka 2024 nafasi yake ilichukuliwa na 2024/573, ilifasili "tonne(s) of CO2 equivalent" kuwa zao la uzito wa gesi kwa tani za metri mara GWP yake. Kanuni iliyoitangulia, ya 2006, ilidai ukaguzi wa uvujaji kuanzia kilo 3 za gesi. Ya 2014 ikasema tani 5 za CO2 sawia. Tazama badiliko: kilo 1.5 za R-404A, gesi ya majokofu yenye GWP 3,922, ni tani 5.88, mashine hiyo haikufika kilo 3, lakini sasa imo. R-134a, yenye 1,430, inaingia kuanzia takriban kilo 3.5. Neno "equivalent" limehamisha mstari bila kutaja mashine hata moja.

Kuna njia mbili za kufunga namba. Ya kwanza ni kuigandisha: Marekebisho ya Kigali ya 2016, ya Itifaki ya Montreal, yameorodhesha GWP za HFC, gesi za kupozea zenye florini, katika viambatisho vyenyewe, 1,430 kwa HFC-134a, na ripoti ya sita kuipa gesi hiyo 1,526 hakubadilishi wajibu wa nchi. Ya pili ni kuiacha itembee: Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya Uingereza ya 2008 inarejelea kiasi chenye uwezo unaolingana, "calculated consistently with international carbon reporting practice". Iliyogandishwa inampa mtu uhakika. Inayotembea inafuata sayansi. Kwa mkataba wa biashara wa miaka kumi, igandishe. Ukiiacha itembee, muuzaji anaweza kuvunja kikomo kwa sababu ripoti mpya imetoka, hali yeye hajabadilisha chochote.

Kifungu cha kuanzia ni hiki, jaza nafasi zako:

"For the purposes of this Agreement, 'tonne of CO2 equivalent' means one metric tonne of carbon dioxide, or the mass of any other greenhouse gas listed in Schedule 1 which, when multiplied by the 100-year global warming potential set out for that gas in that Schedule, equals one metric tonne. The values in Schedule 1 apply throughout the term, notwithstanding any later IPCC assessment report."

Humo "for the purposes of" ni ukuta, "means" ni fasili, "equals" ni ya hesabu tupu na imewekwa pale tu ambapo namba mbili zinakutana, na "notwithstanding" inazuia ripoti mpya. Jedwali liandike gesi, namba na ripoti iliyotoka kwa kila mstari. Ukitaja methani, sema kama ni ya visukuku, maana kuanzia ripoti ya tano hizo ni namba mbili.

Hatua ya 7: Kagua

Tafuta katika hati yako kila "equivalent", "equal", "same", "deemed", "treated", "as if" na "effect". Kwenye kila moja rudia yale maswali manne. Palipo na "equal", uliza kama kuna namba pande zote mbili. Kama hakuna, weka "equivalent". Palipo na "deemed", leta akilini ushahidi wa kinyume na uamue kama unataka usikilizwe. Palipo na CO2 eq, weka kidole kwenye ripoti na upeo wa miaka. Visipokuwepo katika sentensi, viwe katika fasili. Kisha piga upya hesabu moja, yoyote, kwa mkono, kuanzia uzito wa gesi hadi tani iliyoandikwa. Zisipokutana, mara nyingi tatizo ni toleo la GWP lililochanganywa: jedwali limetoka ripoti ya nne na maelezo yanataja ya tano.